Chai, Supu na Mboga: Namna ya Kula kwa Bei Nafuu Ukiwa Mgeni Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa

Kila mwaka, likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu huja katika ofisi ya Idara na maswali yale yale: nauli ni kiasi gani, tutalala wapi, hati za kusafiria zitatoka lini. Swali la chakula huulizwa mwisho, na sisi walimu tumezoea kulijibu kwa mkato: "Mtakula huko huko." Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kikamilifu. Tumegundua kwamba jibu letu la mkato limewagharimu wanafunzi fedha na afya. Aidha, limewanyima kile hasa walichokifuata, yaani nafasi ya kuzungumza Kiswahili na wenyeji.

Julai 2023 tuliondoka Kampala kwa basi kupitia mpaka wa Mutukula, wanafunzi kumi na wanne na walimu wawili, kwenda Dar es Salaam na baadaye Zanzibar. Kila mwanafunzi alitengewa shilingi 10,000 za Tanzania kwa siku kwa ajili ya chakula. Miongoni mwao alikuwamo binti mmoja ambaye alama zake za sarufi zilikuwa za juu kuliko za wenzake wote. Mchana wa siku ya kwanza alikwenda kwa mama ntilie huko Kariakoo, akaomba wali. Mama akamuuliza, "Mboga gani?" Binti yetu hapendi kabeji. Akajibu kwa ufasaha kabisa, "Sitaki mboga, ahsante." Akaletewa sahani ya wali mtupu. Akaula hivyo hivyo, akalipa, akaondoka akiamini kwamba ndivyo watu wa Dar es Salaam wanavyokula.

Kesho yake asubuhi aliingia katika mkahawa mzuri karibu na bandari, wenye orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mayai mawili, mkate na kahawa vilimgharimu shilingi 12,000, yaani zaidi ya posho yake ya siku nzima. Kuanzia hapo akawa ananunua mkate na soda na kula peke yake chumbani. Siku ya nne alizunguliwa na kichwa wakati wa mhadhara. Tulipomhoji, alituambia maneno ambayo hatujayasahau: kwamba amefaulu somo la sarufi, lakini hajui kununua chakula.

Kosa hilo halikuwa lake, lilikuwa letu. Tulikuwa tumemfundisha maneno staftahi, kifungua kinywa, kiamsha kinywa na chamsha kinywa, na tofauti zake katika kamusi. Hatukumfundisha kwamba kwenye benchi la mama ntilie hatasikia hata moja kati ya hayo.

Neno "chai" lina maana mbili

Kwetu Uganda, chai ni kinywaji. Tanzania pia ni kinywaji, lakini vilevile ni jina la chakula chote cha asubuhi. Mwenyeji akikuuliza, "Umekunywa chai?", haulizi habari ya kikombe. Anauliza kama umekula asubuhi hiyo. Ukijibu "Sinywi chai" kwa sababu unapenda maziwa, ataelewa kwamba huna desturi ya kula asubuhi, na mazungumzo yatakuwa yameishia hapo.

Kinywaji chenyewe kina aina mbili, na ni lazima uchague. Chai ya rangi haina maziwa. Mara nyingi hutiwa tangawizi, mdalasini au iliki. Chai ya maziwa ni ile iliyo karibu na tuliyoizoea Kampala, na bei yake ni kubwa zaidi. Ukisema "naomba chai" peke yake, utaulizwa, "Ya rangi au ya maziwa?" Baada ya hapo litafuata swali la pili: "Na nini?" Hapo unaulizwa kitafunwa, yaani kitu cha kutafuna pamoja na chai. Vitafunwa vya kawaida ni chapati, maandazi, vitumbua vya unga wa mchele, sambusa, mihogo ya kuchemsha au ya kukaanga, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha. Neno hili lafaa kufundishwa mapema, kwa kuwa linaonyesha vizuri kauli ya kutendwa inavyozaa nomino: tafuna, tafunwa, kitafunwa. Kenya utasikia zaidi vitafunio.

Wanafunzi wetu wengi hutamani rolex, ile chapati ya Kampala inayoviringishwa pamoja na mayai. Jina hilo ni la kwetu, na mtu anayelitaja Dar es Salaam aweza kueleweka vibaya. Ni salama zaidi kueleza: "Naomba mayai mawili ya kukaanga na chapati moja." Ndugu yake wa karibu huko ni chipsi mayai, yaani viazi vya kukaanga vilivyoshikanishwa kwa mayai kikaangoni. Vijana wa mjini huviita zege. Hicho lakini ni chakula cha mchana na usiku zaidi kuliko cha asubuhi. Naye mpenzi wa kikomando, mlo wetu wa chapati na maharagwe, aombe tu "chapati maharage".

Zingatia hapo kwamba hakuna "na". Katika lugha ya migahawa ya Tanzania, chakula na kitoweo chake huwekwa bega kwa bega bila kiunganishi: wali maharage, wali nyama, ugali samaki, ndizi nyama, chipsi kuku. Mwanafunzi anayesema "wali pamoja na maharagwe" hajakosea, ila atajulikana papo hapo kuwa ni mgeni.

Supu si mchuzi

Neno hili limewatoa fedha wanafunzi wetu kuliko jingine lolote. Uganda tunaposema supu, twakusudia maji maji ya kitoweo yanayomwagiwa juu ya wali au matooke. Tanzania, hayo huitwa mchuzi. Supu ni chakula kamili: bakuli la maji ya nyama yaliyochemshwa muda mrefu, lenye vipande vya nyama ndani, likiambatana na ndimu, pilipili na chapati. Wengi huila asubuhi. Kuna supu ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kuku, ya utumbo na ya makongoro, yaani miguu ya ng'ombe. Kwenye migahawa ya Wachagga utakuta mtori, ambao ni ndizi zilizopondwa pamoja na nyama.

Wanafunzi wetu wawili waliomba wali maharage, kisha wakasema, "Tuongezee supu." Walitaka mchuzi kidogo tu, ambao kwa kawaida mama ntilie huongeza bila malipo. Wakaletewa mabakuli mawili ya supu ya mbuzi, na kila mmoja akalipa shilingi 2,500 za ziada. Sentensi waliyoihitaji ilikuwa hii: "Naomba uniongezee mchuzi."

Hata hivyo tunawashauri wasafiri wasiiogope supu. Kwa mtu mwenye siku ndefu mbele yake, bakuli moja na chapati moja saa moja asubuhi humfikisha hadi alasiri. Isitoshe, ni chakula kinachochemka mbele ya macho yako, jambo lenye faida kwa afya ya mgeni.

Mboga, ndizi na samaki

Turudi kwenye mboga iliyomponza binti yetu. Kwa Luganda, emboga ni kabeji, na kutokana na hilo wengi wetu huifunga maana ya mboga ya Kiswahili katika majani tu. Kwa Watanzania, mboga ni kitoweo chochote kinacholiwa pamoja na wali au ugali: nyama ni mboga, samaki ni mboga, maharage ni mboga. Majani yenyewe huitwa mboga za majani, nayo yana majina yake: mchicha, matembele ambayo ni majani ya viazi vitamu, na kisamvu ambayo ni majani ya mihogo. Kwa hiyo ukiulizwa "Mboga gani?", swali ni: wali wako utaliwa na nini? Ukisema hutaki mboga, utakula wali mtupu, kama ilivyotokea.

Ndizi nazo zahitaji uangalifu. Sisi tuna jina maalumu la matooke, tofauti na ndizi za kuiva. Dar es Salaam zote ni ndizi, na kinachozitofautisha ni kivumishi au jina linalofuata: ndizi mbivu, ndizi za kupika, ndizi mzuzu, ndizi Bukoba. Mganda anayetamani ladha ya nyumbani aulize ndizi Bukoba, kwa kuwa watu wa Kagera ni majirani wa jiko letu. Mwanafunzi anayetoka Masaka atashangaa kukuta kwamba hata neno matoke linajulikana huko.

Samaki wa Ziwa Victoria ni wale wale, wamebadilika majina tu. Ngege wetu huko ni sato, mputa ni sangara, na mukene ni dagaa. Wakenya nao humwita mukene omena. Ziwa ni moja na samaki ni mmoja, lakini mwanafunzi asiyejua majina haya aweza kukaa mbele ya chakula alichokizoea tangu utoto akidhani hakimjui.

Jambo jingine ni nyama ya nguruwe, ambayo Kampala huliwa bila shida yoyote. Pwani ni sehemu ya Waislamu wengi, na migahawa mingi huuza nyama halali pekee. Usiulize nguruwe humo, hata kwa mzaha. Dar es Salaam nyama hiyo huuzwa hasa kwenye baa, na jina lake la mtaani ni kitimoto.

Kuomba, si kuamuru

Tumelisema jambo hili darasani mara nyingi, lakini ni chakula kilichotuonyesha uzito wake. Kiswahili cha Uganda kilipitia kambi za jeshi tangu enzi za King's African Rifles, na wazazi wetu wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kikitoka vinywani mwa askari. Kwa sababu hiyo tumerithi lugha ya amri: "Leta chai!" "Nipe chapati!" "Ongeza!" Mzungumzaji hana nia mbaya, hajui tu njia nyingine. Lakini kwa masikio ya mwenyeji wa Dar es Salaam au Unguja, hiyo ni sauti ya mtu anayegombana. Tulishuhudia mama mmoja akimhudumia mwanafunzi wetu kimya kimya na kwa uso uliokunjamana. Mwanafunzi alidhani mama huyo hapendi Waganda. Tulipozungumza naye pembeni, mama alisema tu kwamba kijana yule "anafoka".

Njia ya kuomba ni rahisi. Anza na salamu. Ikiwa anayeuza chakula ni mkubwa kwako, sema "Shikamoo mama," naye ataitikia "Marahaba." Ikiwa ni kijana mwenzako, sema "Habari za asubuhi, dada," au "kaka". Kisha tumia "naomba": "Naomba chai ya rangi na chapati mbili." Ukitaka jambo litendwe, tumia "naomba" pamoja na kitenzi chenye umbo la -e: "Naomba unifungie," "Naomba unipunguzie pilipili." Sisi walimu hufundisha umbo hilo kwa majuma mawili, tukitumia sentensi zisizo na mahali pa kutumika. Hapa lina mahali, na lina chakula mwishoni.

Tena, jina lenyewe la mama ntilie limejengwa kwa umbo hilo hilo. Chanzo chake ni "mama, nitilie", yaani nitie chakula kwenye sahani yangu. Ndani yake mna kitenzi tia, kauli ya kutendea na ombi la mteja. Siku hizi jina mama lishe, lenye asili katika kitenzi lisha, nalo hutumika sana, hasa katika hotuba na magazeti, kwa kuwa baadhi ya watu huliona kuwa na heshima zaidi. Wanaume wanaofanya kazi hiyo huitwa baba lishe. Unapomwita mwenyewe, mwite "mama" au "dada" tu.

Ukiketi karibu na watu wanaokula, watakuambia "Karibu." Ni adabu, na jibu lake ni "Ahsante, endeleeni," au kwa Zanzibar "Starehe." Kabla ya kula utaletewa maji ya kunawa. Nawa, ule kwa mkono wa kulia, na usione haya kuomba kijiko ukikihitaji.

Wapi, na saa ngapi

Saa tunazihesabu kwa namna moja na Watanzania, kwa hiyo jambo hilo halitatusumbua. Kinachosumbua ni kuchelewa. Supu nzuri huanza alfajiri saa kumi na mbili, na kufikia saa nne asubuhi imekwisha. Chakula cha mchana kwa mama ntilie huanza kati ya saa sita na saa saba, na saa kumi sufuria huwa zimeoshwa. Jioni huja zamu ya chipsi, mishkaki, kuku na mihogo ya kuchoma, inayoendelea hadi usiku. Mwanafunzi wa Kampala aliyezoea kula mchana saa tisa na nusu atakuta ukoko.

Kuhusu mahali, usitegemee sana maelezo ya waliotangulia. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam, mama lishe wakiwamo, waliondolewa kandokando ya barabara nyingi na kupelekwa katika maeneo waliyopangiwa. Kibanda alichokisifu kaka yako mwaka 2018 huenda hakipo tena. Njia ya uhakika ni kwenda penye kazi: masoko kama Kariakoo na Buguruni, soko la samaki la Feri, vituo vya mabasi, na mitaa yenye mafundi na ofisi. Penye watu wanaofanya kazi ya mikono pana chakula cha bei nafuu. Angalia pia foleni. Benchi lililojaa saa moja asubuhi limekwisha kufanyiwa mtihani na wenyeji, na limefaulu.

Njiani, basi linaposimama, muda wa kula ni mfupi mno. Ukisikia kondakta akitangaza dakika kumi za "kuchimba dawa", usitafute jembe. Maana yake ni kwenda haja. Nunua kitu cha kubeba mkononi, kama mahindi, mayai ya kuchemsha au kuku wa kienyeji wa Singida anayesifiwa na wasafiri wengi. Kumbuka pia kwamba Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017. Ondoka nyumbani na mfuko wa kitambaa na kopo lenye kifuniko.

Zanzibar

Ukivuka bahari, mpangilio hubadilika kidogo. Maandazi ya Unguja mara nyingi huwa na tui la nazi na iliki. Mkate huitwa boflo. Asubuhi utaona pia mkate wa ufuta na mihogo iliyopikwa kwa nazi. Alasiri watu hula urojo, mchuzi mzito wenye uchachu, unaochanganywa na bajia, viazi, kachori na chipsi za muhogo. Ni mlo wa kutosha, na bei yake ni nafuu mno ukiula mitaani. Forodhani wakati wa jioni ni mahali pa kupendeza na kila mgeni huenda, lakini bei za pale zimewekwa kwa kuwafikiria watalii. Uliza bei kabla ya kushika chochote. Usiulize "Ni ngapi?" kwa haya. Sema, "Mshikaki mmoja shilingi ngapi?"

Kwa mwanafunzi wa lugha, mlo wenye faida kubwa kuliko yote Unguja ni ule mdogo kuliko yote: kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata. Huuzwa barazani, kwa mfano pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe, ambapo wazee hukaa wakicheza bao na dhumna na kujadili siasa na mpira. Kwa shilingi mia chache unapata saa nzima ya lahaja ya Kiunguja kutoka kwa wenyewe. Ukifika, salimia wote, kaa, sikiliza. Utaulizwa tu unakotoka.

Onyo moja: katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya Zanzibar hufungwa mchana, na kula hadharani ni kosa la adabu linaloweza hata kukufikisha polisi. Mwezi huo husogea nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka katika kalenda ya kawaida, hivyo utazame kabla ya kupanga safari. Lakini jua likizama, futari ya Zanzibar ni miongoni mwa vyakula bora utakavyokula popote.

Mombasa

Wanafunzi wanaochagua Kenya hupitia Busia au Malaba, kisha Nairobi, hadi Mombasa. Huko neno la kujihadhari nalo ni hoteli. Ubaoni pameandikwa hoteli, lakini ndani hamna kitanda hata kimoja. Ni mahali pa kula. Tanzania pia utakuta matumizi hayo, ingawa mgahawa ndilo neno linalosikika zaidi. Mwanafunzi wetu mmoja aliyefika Mombasa usiku na begi lake aliingia katika hoteli tatu akiomba chumba. Mwishowe alifahamishwa kwamba alichohitaji ni lojing'i. Dar es Salaam angeulizia gesti.

Chakula cha asubuhi cha Mombasa ni mahamri na mbaazi. Mahamri ni maandazi yenye nazi na iliki, na mbaazi hupikwa kwa tui zito. Sahani hii ni ya bei nafuu, inashibisha, haina nyama, na huliwa na maskini na tajiri. Itafute asubuhi mapema katika Mji wa Kale, karibu na soko la Markiti au Mwembe Tayari. Jioni jaribu viazi karai, ambavyo ni viazi vilivyochovywa katika unga wa dengu na kukaangwa, pamoja na ukwaju. Ukipitia Nairobi, chai utakayoletewa bila maelezo ni ya maziwa, na vijana watakuelekeza kwenye kibanda chenye "chapo madondo", yaani chapati na maharagwe.

Fedha na afya

Tuseme wazi bei tulizolipa Dar es Salaam Julai 2023, ingawa bei hupanda. Chai ya rangi ilikuwa shilingi 300, chapati 400, supu 2,500, wali maharage 2,000, na chipsi mayai 3,000. Anayekunywa chai na chapati mbili asubuhi, akala wali maharage mchana na chipsi mayai usiku, hutumia shilingi 6,100. Anayeanza siku kwa supu na chapati moja hutumia 7,900. Wote wawili hubakiza fedha za maji kutoka katika posho ya 10,000, wakati mayai na mkate vya karibu na bandari peke yake vilikuwa 12,000.

Shilingi ya Tanzania ina thamani kubwa kidogo kuliko yetu, kwa hiyo bei zake hazitutishi wala hazitudanganyi sana. Ya Kenya hudanganya. Shilingi moja ya Kenya huzidi shilingi 20 za Uganda, na mtu akisikia "mia mbili" kwa kikao kimoja aweza kudhani ni bure. Piga hesabu kwanza. Beba noti ndogo, kwa maana mama ntilie hawezi kukutafutia chenji ya noti ya elfu kumi saa moja asubuhi. Mtaani utasikia jero, ambayo ni mia tano, na buku, ambayo ni elfu moja. Yajue maneno hayo uyaelewe, lakini si lazima uyatumie.

Kuhusu afya, kanuni ni chache. Kula kilicho moto. Chai na supu zimechemka, hivyo hazina hatari kubwa. Kachumbari na juisi zenye barafu ni za kuahirisha hadi tumbo lizoee. Kunywa maji ya chupa au yaliyochemshwa. Nawa mikono hata kama mwenzako hakunawa.

Zoezi kwa walimu

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, wanafunzi wetu hawa ndio watakaosimama mbele ya madarasa. Watafundisha walichokiishi. Kwa hiyo tunapendekeza kila mwalimu atenge kipindi kimoja kabla ya safari, aweke benchi na meza mbele ya darasa, na wanafunzi waigize mazungumzo kama haya:

Mwanafunzi: Shikamoo mama.
Mama: Marahaba mwanangu, karibu.
Mwanafunzi: Ahsante. Leo kuna chakula gani?
Mama: Kuna wali, ugali na ndizi.
Mwanafunzi: Naomba wali.
Mama: Mboga gani? Kuna nyama, maharage na dagaa.
Mwanafunzi: Maharage, na mchicha kidogo. Shilingi ngapi?
Mama: Elfu mbili tu.
Mwanafunzi: Sawa mama. Naomba uniongezee mchuzi.
Mama: Haya. Wewe si mtu wa hapa, au siyo?

Swali hilo la mwisho ndilo tunalolitafuta. Likiulizwa, mazungumzo yameanza, na mwanafunzi hahitaji tena maagizo yetu.

Hitimisho

Binti yetu tulimpeleka asubuhi ya siku ya tano kwa mama ntilie yule yule wa Kariakoo. Tulimwacha aombe mwenyewe. Mama alimkumbuka: "Wewe ndiye uliyekula wali mtupu!" Wakacheka wote wawili, na mama akaeleza kwamba siku ile alidhani binti ameishiwa fedha, akaona aibu kumuuliza. Kuanzia hapo alikula pale kila siku hadi tulipoondoka kwenda Zanzibar, na daftari lake la msamiati lilikuwa nene kuliko la mwenzake yeyote. Tulipofungua daftari hilo tukiwa ndani ya basi la kurudi, ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno moja tu, limepigiwa mstari mara mbili: mboga.

Tunawatakia wasafiri wote wa likizo hii safari njema na mlo mwema.